Bwana Alinikuta Mlango wa Nyuma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni hata kama mko peke yenu jikoni mnasoma haya, maana na mimi nayaandika nikiwa peke yangu na nimeshaitikia kwa sauti.

Kosa langu nalitaja mapema, nisije nikalizunguka. Nilidhani hofu yangu inaishi Mwanza. Nilidhani ni ya kule, kama vumbi la barabarani na kelele za spika za maduka, na kwamba nikipanda basi nitaiacha stendi ikinipungia mkono. Ndugu zangu, hofu ilipanda na mimi. Ilikaa kiti cha dirishani. Tulipofika Tukuyu, ikawa ya kwanza kushuka.

Mimi ni fundi cherehani. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nachukua makoti ya mitumba yaliyochakaa, nayafumua kwa wembe, natazama kipande kimeungwaje na kipande, kisha nayarudisha kama yalivyokuwa. Ndivyo nilivyoipata kazi, na ndivyo nilivyoupata ugonjwa. Mtu aliyejifunza peke yake hana mwalimu wa kumwambia "hapo inatosha." Mimi hakuna aliyeniambia, kwa hiyo haikutosha kamwe. Nilishona suruali, nikaifumua. Nikaishona tena, nikaona mshono wa kulia una wivu na wa kushoto, nikaifumua. Bwana harusi mmoja alikuja kuchukua suti yake asubuhi ya ndoa akaikuta vipande mezani kama nyama ya buchani. Hata sala niliifumua! Nikikosea neno katikati, narudi mwanzo. Kuna siku sikuwahi kufika Amina.

Kifua kikaanza kubana. Mikono ikatetemeka nikiona mteja mlangoni. Dada yangu ni mwalimu, amepangiwa shule huku Ikuti, akanipigia simu. "Njoo huku, mdogo wangu. Mji mdogo, watu wapole, baridi nzuri. Utapumzika." Dada yangu nampenda, lakini lile neno "utapumzika" mpaka leo bado namdai maelezo yake.

Nipumzike wapi, ndugu zangu? Mvua ya Tukuyu inanyesha asubuhi, inanyamaza kidogo ili uanike nguo, halafu inarudi kuzilowesha. Kitambaa nilichokikata kikavu nilikishona kikiwa kibichi. Umeme ukikatika napasi kwa mkaa, na mkaa wenyewe umelowa. Na salamu! Mwanza mteja anaingia anasema, "Fundi, suruali yangu vipi?" Tumemalizana. Huku ananiuliza nimeamkaje, dada yangu wa Ikuti ameamkaje, mama yangu ambaye hajawahi kumwona ameamkaje, kisha anaaga na kuondoka. Suruali haijatajwa! Keshokutwa anarudi kunieleza kwamba juzi alikuja kwa ajili ya suruali.

Mwenye nyumba wangu, Mama Lusajo, ambaye ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama, aliniletea ndizi za kupika siku niliyohamia. Nilishukuru. Akaleta tena. Na tena. Nikamwambia kwa heshima kwamba zinaniozea. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Kwani unakula peke yako? Si ndiyo maana zinaoza!"

Lakini kilichonitoa jasho zaidi ni misiba. Huku mtu akifa, kila kitu kinasimama. Maduka yanafungwa, mashamba ya chai yanaachwa, watu wote wanakwenda kukaa na wafiwa, na hawakai dakika tano. Mimi nilibaki. Duka langu likawa mlango pekee ulio wazi kwenye safu nzima, na ninakiri nilijisikia fahari. Jirani yangu wa ukuta ni Bwana Salimu, muuza vitambaa. Ni Mwislamu ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, lakini yeye amezaliwa hapa na anakoroma kwa Kinyakyusa. Kila msiba, uwe wa kanisani au wa msikitini, anafunga duka na kugonga dirisha langu.

"Fundi, twende."

"Nina kazi, Bwana Salimu."

"Unamshonea nani? Wateja wako wote wako msibani. Aliyebaki ni marehemu, naye ameshavalishwa."

Sikucheka. Nilikuwa nafumua pindo.

Sasa niwaambie juu ya Atupele, maana bila yeye nisingekuwa na cha kushuhudia. Ni mke kijana, ameolewa kijijini Nkunga, anaimba kwenye kwaya ya Mama Lusajo. Siku moja nilikuwa namjaribisha gauni. Nimemjaza pini kiunoni na mabegani, nimeshapata mstari niliokuwa nautafuta tangu asubuhi, namwambia "usipumue," mara akachungulia kwenye pazia. Akamwona mzee mmoja wa kofia ya sufu anakuja polepole kukaa kwenye benchi la Bwana Salimu, kama ilivyokuwa kawaida yake kila siku ya soko. Ndugu zangu, yule dada alitoka mbio! Mlango wa nyuma, akaingia kwenye migomba ya Mama Lusajo, na pini zangu zote mwilini.

"Atupele! Pini! Zitakuchoma!"

"Acha zinichome, kaka fundi! Baba mkwe huyo!"

Nilibaki nimeshika chaki. Bwana Salimu ndiye aliyenieleza, huku akifuta machozi ya kicheko. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani anapisha, anainamisha kichwa, na jina lake halitamki. Siku hizi familia nyingi wamelegeza, lakini ukoo wa mzee huyu, Anyosisye, wanaishika. "Si chuki, fundi. Ni heshima. Yule mzee anampenda mkwewe kuliko wanawe."

"Heshima gani inakimbia na pini?" Nilikasirika kwelikweli. Mstari wangu wote wa kiuno ulikuwa umekwenda migombani! Kesho yake pini zikarudi, zimefungwa vizuri kwenye kipande cha jani la mgomba. Tangu hapo Atupele akawa anakuja dukani kwa mlango wa nyuma tu.

Na mzee mwenyewe? Alikaa pale benchini, akagonga ukuta wangu kwa fimbo. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha polepole.

"Fundi. Yule mwanamke wa kwetu unamshonea?"

"Ndiyo, mzee."

"Usimbane kwapani. Wanasema akiimba huinua mikono. Mimi kanisani natazama chini, sijaona. Lakini wanasema. Umwachie nafasi."

Nikamjibu "sawa, mzee," na moyoni nikasema, hata na wewe unanifundisha kazi? Sikumwachia nafasi. Mkono mpana haupendezi.

Ikaja kazi kubwa. Kwaya ya akina mama walitaka sare za sikukuu ya mavuno, kitenge cha kijani chenye maua makubwa ya njano. Nilikata, nikashona, nikamaliza mapema. Nikayatundika magauni yote kwenye kamba, nikakaa kuyatazama. Hapo shetani akavuta kiti. Nikaona kwenye gauni moja ua la kifua cha kulia liko juu kidogo kuliko la kushoto. Kidogo! Kama unene wa uzi. Nikatazama la pili, nalo. La tatu, nalo. Ndugu zangu, nilichukua wembe. Nilipokuja kuinua kichwa, hakukuwa na gauni hata moja kwenye kamba. Kulikuwa na vipande sakafuni, kijani na njano, hadi mlangoni.

Nikasema nitaanza upya, safari hii maua yatalingana. Sikuweza. Kila nikiweka kitambaa chini ya sindano, mikono inacheza. Siku zikapita. Mavuno yakaja, akina mama wakaimba kila mtu na nguo yake. Jumatatu Mama Lusajo akajaza mlango wangu.

"Fundi, jana tumeimba kama watu waliounguliwa na nyumba. Sare ziko wapi?"

"Zitakuwa tayari, mama."

"Lini?"

"Zikiwa nzuri."

"Nani kakuomba nzuri? Sisi tulikuomba nguo!"

Nilikuwa nimesimama kati yake na pazia ili asione vipande. Alipoondoka nilifunga mlango nikakaa chini. Nilikuwa nimekuja mbali kiasi hicho, kutoka ziwani hadi mlimani, na nilikuwa palepale.

Halafu mzee Anyosisye akafariki.

Mama Lusajo alinipa habari akiwa barabarani, hakuingia hata ndani. Alisema kesho mchana tunamzika Nkunga, kwaya itaimba, na kwaya itaimba na sare. "Asubuhi tunakuja kuzichukua, mwanangu. Zikiwa nzuri, zikiwa mbaya, tunazichukua." Nilisema ndiyo. Nilikaa kwenye cherehani. Nilikanyaga, uzi ukakatika. Nikatunga, ukakatika. Kifua kilibana nikawa navuta hewa kama mtu aliyepanda mlima Rungwe kwa mbio. Nikaona njia moja tu.

Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida yake. Maduka yote yamefungwa. Bwana Salimu alikuwa amegonga dirisha langu mapema, sikumjibu, akaenda zake. Nikafunga begi. Cherehani niliamua kuiacha. Ningeshika basi la Mbeya, kisha Mwanza, na namba ya simu ningebadilisha njiani. Mlango wa mbele ningekutana na akina mama, kwa hiyo nikafungua wa nyuma.

Nikakutana na Atupele, analowa kati ya migomba. Amevaa khanga nyeusi, macho mekundu.

"Kaka fundi, pole na mvua."

"Pole na msiba, dada. Mbona... leo si ungepita mbele?"

"Ni kweli. Leo hayupo benchini. Miguu imezoea huku." Kisha akaliona begi. "Unasafiri?"

"Naenda Mwanza."

"Na gauni langu?"

Alinipita, akaingia, akafunua pazia. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana! Aliokota kipande kimoja, akakitambua kuwa ni bega lake kwa alama ya chaki, akakishika hivyo.

"Tangu niolewe nimempikia," alisema. "Sijawahi kumwona akila. Nikimsikia anakohoa mlangoni najua uji umemfaa. Leo ndiyo nitasimama mbele yake. Nilitaka nisimame nimevaa vizuri."

Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Mimi nilikuwa namkimbia kwa heshima, kaka fundi. Wewe unatukimbia kwa nini?"

Ndugu zangu! Nimesikia mahubiri mengi, mengine kwa vipaza sauti vikubwa. Hakuna lililoniingia kama swali lile. Maana sikuwa nimewakimbia wao tu. Sala zangu nilizokuwa narudia mwanzo, nilikuwa namkimbia Mungu vilevile, nikisubiri niwe safi ndipo nimtazame. Begi likanitoka mkononi.

Atupele alikwenda akafungua mlango wa mbele, mara yake ya kwanza kuugusa tangu siku ya pini, akawaita wenzake waliokuwa wanakuja na miavuli. Waliingia. Mama Lusajo akatazama sakafu, akanitazama mimi, akasema maneno kadhaa kwa Kinyakyusa ambayo namshukuru Mungu sikuyaelewa. Halafu akakaa chini. Wote wakakaa chini, kwenye saruji, kwenye magunia, kwenye begi langu la safari. Sindano zikatoka kwenye pindo za vitenge na kwenye vitambaa vya kichwa. Wakaanza kuunga vipande kwa mkono.

Mnajua niliteseka vipi? Walishona kwa mishono mirefu kama ya kufunga gunia la mahindi! Ua lilikutana na shina, shina likakutana na kwapa.

"Mama, hapana! Hicho ni cha mgongoni!"

"Leo ni cha kifuani."

"Lakini kola imegeuka!"

"Fundi," alisema Mama Lusajo bila kuinua kichwa, "kaa chini utunge uzi."

Nikakaa chini, nikatunga uzi. Ndiyo kazi niliyopewa katika duka langu mwenyewe, na nitasema ukweli, mikono iliyokataa kushona haikukataa kutunga. Sindano ikija nailisha, inakwenda. Walikuwa wanaimba chini chini wakishona, wakifanya mazoezi ya nyimbo za maziko. Mmoja alitania kwamba mzee akifufuka leo atawauliza nani kawavisha mapazia, wakacheka na kulia kwa pamoja. Magauni yakaisha. Yalikuwa mabaya, ndugu zangu. Mabaya kweli. Wakayavaa.

Tulikwenda Nkunga kwenye lori la ndizi, na mimi nikiwa katikati yao, kwa sababu Mama Lusajo alikuwa ameshika mkono wa shati langu na hakuuachia. Huko nilikuta watu wote niliokuwa nawaona mjini, wengine wateja wangu, wanaume wamekaa kwenye mabenchi chini ya maturubai, matope hadi vifundoni. Bwana Salimu alinipisha nafasi. Hakusema "hatimaye." Alisema, "Umekula?"

Kaburini mvua ikazidi. Kwaya ikasimama mbele kabisa, na Atupele akasimama mwanzoni, karibu na jeneza, mahali ambapo yeye hakuwahi kusimama wakati mzee yu hai. Akaanza kuimba. Wimbo ulipopanda akainua mikono yote miwili, na mshono wa kwapa ukaachia. Niliusikia ukikatika kutoka nilipokuwa. Ukaachia wazi, shimizi nyeupe ikaonekana, naye hakushusha mikono.

Nikashika kichwa. Nikatazama huku na huku kuona nani ameona, nani anacheka. Hakuna aliyekuwa anatazama kwapa! Wazee walikuwa wanalia. Mume wake alikuwa analia. Bwana Salimu alikuwa ameinamisha kofia yake. Ndipo likanijia neno la mzee kupitia ukuta: umwachie nafasi. Alijua, bila kumtazama hata siku moja. Mimi nilimpima kila upande na sikumjua.

Nikaanza kuomba palepale nilipokaa. Nilisema, "Bwana, nimechoka kuogopa, nichukue hivi nilivyo na vipande vyangu, na..." Bwana Salimu akanigusa bega. Wanaume walikuwa wanapokezana kufukia. "Zamu yako, fundi," akanipa koleo. Nikasimama, nikafukia. Udongo ulikuwa mzito, nilirusha vibaya, mwingine ukarudi miguuni mwangu, na hakuna aliyenisahihisha. Nikarusha mwingine. Kuna wakati nilitambua kwamba kifua hakibani. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Niliona tu kwamba napumua hadi chini kabisa, kwenye mvua, na tope mikononi.

Ile sala sikuimaliza. Mpaka leo sijaimaliza, na sijairudia mwanzo. Ilipokewa ikiwa nusu. Haleluya!

Baada ya maziko Mama Lusajo aliniwekea mkono kichwani uani kwa wafiwa, akaniombea kwa Kinyakyusa. Sikuelewa kitu isipokuwa "ndaga," asante, ambalo alilisema mara nyingi. Nilishangaa anashukuru nini juu yangu. Kisha nikapewa sahani ya ndizi na maharage, nikala pamoja na watu wengine, na hazikuoza.

Sitawadanganya. Hofu bado hunitembelea. Asubuhi nyingine hukaa benchini nje na kugonga ukuta. Na magauni yale nilipoomba niyashone upya, Mama Lusajo alinikemea. "Usiyaguse! Yalimzika mzee." Kwa hiyo kila sikukuu nayaona! Kola ya Mama Lusajo inatazama Mbeya na yeye anatazama madhabahu. Nauma meno, ndugu zangu. Nauma meno na kuimba.

Namshukuru Mungu aliyenifungia njia ya migombani. Nawashukuru akina mama walioketi sakafuni kwangu. Na wewe unayesoma, unayesubiri utengemae kwanza ndipo uende mbele zake, nakusihi, nenda na vipande vyako. Kama umeshafunga begi, liweke chini. Kule unakotaka kwenda Mungu atakuwepo, lakini na hofu yako itakuwepo, basi mkutane naye hapohapo ulipo.

Tangu siku ile msiba ukitokea nafunga duka kabla Bwana Salimu hajagonga. Mikono ya magauni naikata mipana. Na nguo nikishaishona, ninaikunja, ninampa mwenyewe.